Boti ya Idjwi Siku ya Mahari

Mimi ndiye shangazi mkubwa wa Ornella, na katika ukoo wetu shangazi mkubwa ndiye mlinzi wa mlango. Siku ya mahari bibi harusi hukaa chumba cha nyuma, amefunikwa kitambaa, haonekani na mtu wa upande wa pili mpaka wakwe wamwite. Hacheki kwa sauti, hatoki hovyo, na simu haigusi. Sheria hizo sikuzitunga mimi. Mimi nazisimamia tu, na nikisimamia jambo nalisimamia kweli. Nimeshawahi kumtoa mpiga picha chumbani kwa kumshika kola.

Basi fikirieni hasira yangu Jumamosi ile, pale Nyalukemba, hapa Bukavu, nyumbani kwa kaka yangu Placide, baba yake Ornella, nilipoingia chumbani na sahani ya ndizi nikamkuta bibi harusi ameinama kitandani, kitambaa kimetupwa begani, kompyuta iko magotini. Alikuwa ameificha ndani ya sanduku, chini ya vitenge nilivyomchagulia mimi mwenyewe.

"Ornella! Ni nini hii?"

"Tante, funga mulango kwanza."

"Nifunge mulango? Miye njo mulango!"

Hakuinua hata macho. Simu yake ilikuwa juu ya mto, imewekwa sauti ya nje, na ndani yake mwanamume alikuwa anahema kama aliyepanda mlima. Nilimjua kwa sauti. Alikuwa Cédric, mwenzake wa kazini, baba wa watoto wawili, mtu mzima kabisa wa kujua kwamba siku ya mahari hapigiwi simu bibi harusi.

"Cédric," nikasema, "huyu ni Tante Bibiane. Leo Ornella haiko. Amekufa. Atafufuka lundi, Jumatatu asubuhi."

"Tante, pardon. Pardon sana. Lakini bateau, ile boti ya Idjwi, iko naenda kutuacha."

Hapo inabidi nieleze kazi ya Ornella, na nitaieleza kama nilivyoielewa siku ile, maana kabla ya hapo nilikuwa nawaambia watu wa kanisani kwamba mtoto wetu anaandika kwenye mashine, basi. Anafanya kazi Ibanda, karibu na bandari, kwenye ghala la chanjo linalohudumia vituo vya afya. Pale kuna programu inayopanga kazi zote za kompyuta. Kila alfajiri inatengeneza mpango wa siku: kazi hii ianze saa hii, ile ingoje mpaka hii imalizike, nyingine ianze mchana. Kuhesabu kilichomo kwenye chumba cha baridi, kugawia kila kituo sehemu yake, kuchapa karatasi za kupakia, kutuma ujumbe kwenye simu za wauguzi, vyote vinakwenda vyenyewe. Ornella ndiye anayeitawala programu hiyo. Na mlinzi wa chumba cha baridi hafungui bila karatasi ya kupakia iliyotoka humo, hata umlilie machozi. Mlinzi huyo simjui lakini nampenda.

Siku ile chanjo ya surua ilikuwa inakwenda kisiwani Idjwi. Mpango ulisema kazi ya kupakia ianze mchana, boti iondoke saa tisa. Asubuhi nahodha akaliangalia ziwa, akasema upepo unakuja, yeye anaondoka saa sita kamili, na asiyetaka abaki. Safari nyingine ya Idjwi ilikuwa ya wiki ijayo, na wauguzi walishawaita akina mama waje na watoto wao.

Cédric alikuwa amejaribu kuisogeza kazi hiyo mbele. Aliituma upya, nje ya mpango, akaiandikia ianze saa tano. Saa tano ikafika, ikapita, printa kimya. Akaituma mara ya pili. Kimya. Kisha ile skrini yao nzuri, yenye picha na rangi, ikakataa kabisa kufunguka kwa sababu mtandao wa ghala ulikuwa umedhoofika. Ndipo akamkumbuka bibi harusi.

"Cédric, usitume tena kitu," Ornella akamwambia. "Minaingia."

"Huingii popote," nikasema, na nikanyoosha mkono niichukue kompyuta. Nilikuwa tayari kuiweka juu ya kabati na kuikalia ikibidi.

Sikuifikia. Kutoka sebuleni, ng'ambo ya ukuta, ilikuja sauti ya Papa Léopold, baba mdogo wa Josué, kijana anayemwoa Ornella wetu. Papa Léopold ndiye alikuwa msemaji wa wakwe. Anauza unga na mafuta kwa jumla soko la Nyawera, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuwaita wabeba mizigo walio upande wa pili wa soko. Ukuta wa kaka yangu ni wa matofali, lakini kwa Papa Léopold ni kama pazia.

"Sisi batu ya Nyawera tunasemaka wazi," alikuwa anasema. "Mutoto yetu Josué anatafuta bibi wa ku nyumba. Ile kazi ya mashini, ile ya kuitwa ku téléphone hata siku ya kupumzika, samedi na dimanche, bibi yetu ataiacha. Tunaiweka mu masharti, pamoja na ngombe zetu."

Watu wa upande wao wakaitikia. Watu wa upande wetu wakakohoa. Kaka yangu Placide, ambaye ni mwalimu na mtu wa amani mpaka inaudhi, akasema wamesikia na watafakari.

Vidole vya Ornella vilikuwa vimesimama.

"Tante, umesikia?"

"Siko kiziwi."

"Josué hakuniambia ile neno hata siku moja." Akanigeukia. "Tante, minakuambia kweli. Kama ile bateau inaenda bule leo, Papa Léopold iko na haki. Miye mwenyewe nitaiacha kazi. Siwezi kupigania kazi yenye inanishinda siku ya kwanza ya ndoa."

Alisema hivyo bila kulia, na ningependa zaidi kama angelia. Huyu ndiye mtoto aliyeambiwa na wajomba zake, mmoja baada ya mwingine, kwamba masomo ya kompyuta ni ya wavulana, akamaliza chuo kikuu hapa hapa Bukavu huku akiwaamkia kwa heshima kila Krismasi. Niliangalia ukuta. Niliangalia kompyuta. Hasira yangu ilikuwa bado nzima, haikupungua hata tone, ila iligeuka ikatazama upande mwingine. Sharti gani hilo? Nani alimwambia Papa Léopold kwamba tunauza?

Nikazungusha ufunguo.

"Fanya mbio," nikasema. "Mulango, miye niko nao."

Shida ya kwanza ilikuwa mtandao. Chumbani mle mtandao unashika tu ukiipeleka simu dirishani, tena juu, karibu na nondo. Kompyuta ilikuwa inakunywa mtandao kutoka kwenye simu. Basi mimi, Bibiane, mke wa mtu, katibu wa akina mama wa parokia, nimevaa kitenge changu cha nta ambacho kilikuwa bado hakijaona sabuni, nikapanda juu ya kiti na kuishikilia simu kwenye nondo kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili nilishika kilemba kisianguke.

Kutoka juu pale niliiona skrini vizuri. Ilikuwa nyeusi tupu na herufi nyeupe. Hakuna picha, hakuna rangi, hakuna hata mstari wa mapambo.

"Imekufa," nikasema.

"Haikufa. Hii njo ligne de commande, mustari ya amri, Tante. Ile ya Cédric inabeba picha, inaomba réseau, mtandao ya nguvu. Hii inabeba maneno tu. Unaandika mustari mumoja, inasikia, inajibu."

Na kweli ilijibu. Aliandika, akabonyeza, mistari ikapanda. Akasoma kwa kidole. Kazi mbili za Idjwi alizotuma Cédric zilikuwa pale, moja chini ya nyingine, zote mbili na neno lilelile pembeni. Zinangoja.

"Zinangoja nini?" nikauliza. "Saa tano si imepita?"

Ornella akaangalia pembe ya skrini. Kisha akaangalia saa yangu ya mkononi, niliyokuwa nimeinua juu pamoja na simu. Kisha akajipiga kofi la paji la uso.

"Saa ya Kinshasa!"

Ndugu zangu, nilitamani kucheka na kutukana kwa wakati mmoja. Ile mashine kubwa inayoushika mpango wote haiko Bukavu. Iko Kinshasa. Na Kinshasa wako nyuma yetu saa nzima, jambo ambalo kila mtoto wa Bukavu analijua na kila mtu mzima analisahau. Mimi nimeshakaa mbele ya televisheni na rozari mkononi nikingoja misa ya Kinshasa ambayo padri wake alikuwa bado anakunywa chai. Kazi za kila siku Ornella alishaziandikia kwamba zifuate saa ya kwetu. Lakini ukituma kazi kwa mkono, nje ya mpango, ni wewe unayepaswa kutaja ni saa ya wapi. Cédric hakutaja. Aliandika saa tano, na mashine ikangoja kwa adabu saa tano ya Kinshasa ifike. Saa hiyo hapa kwetu ingekuwa saa sita, na boti ingekuwa inawapungia mkono.

"Basi ibadilishe saa!"

"Haitoshi. Ziko mbili." Alikuwa ameshaanza kuandika. "Zikienda zote mbili, kila muuguzi atapata message mbili, na chanjo itagawiwa mara mbili. Lundi kituo ya Kalehe wakiomba, mashini itasema chumba iko buchi, haina kitu. Inafaa nizifute kwanza."

Akafuta ya kwanza. Nikaona neno likibadilika. Akataka kufuta ya pili, na mistari ikaganda. Mkono wangu ulikuwa umeshuka kidogo tu, kwa uchovu.

"Tante, juu! Juu!"

Nikapanda kwa ncha za vidole. Kiti kikalia. Mistari ikatembea tena.

Wakati huo huo sebuleni wakaanza kuimba. Nilijua maana yake. Wakwe walikuwa wameshasema yao yote, na sasa walikuwa wanaomba kumuona binti. Papa Léopold akagonga mlango wa ukumbini kwa fimbo.

"Tulikuja kutafuta ua moja mu bustani hii! Tunaomba tulione!"

Ornella akaniangalia. Uso wake ulikuwa umetoka jasho, na wanja uliochorwa kwa subira asubuhi ulikuwa unaanza safari.

"Bado kidogo, Tante. Nikishatuma, inafaa niifuate mpaka mwisho."

Sasa, mila yetu ina mlango wa nyuma, na hapo ndipo nilipoukumbuka. Shangazi ana haki ya kuwachezea wakwe. Wakiita ua, anaweza kuwatolea msichana mwingine aliyefunikwa, wao wamfunue, wakatae, watu wacheke, kisha waombe tena. Kwa kawaida tunatoa mmoja, kwa mchezo tu, kisha tunawahurumia. Hakuna aliyewahi kuandika mahali kwamba mwisho ni mmoja.

Nikamwita binti yangu Laurette kutoka jikoni, nikamfunika kitambaa mpaka kiunoni.

"Tembea pole," nikamwambia. "Tembea kama mwenye mimba ya mapacha. Ukifika mbele yao, piga magoti. Halafu piga magoti tena."

Nikarudi juu ya kiti na simu mkononi. Laurette alitembea vizuri sana. Nilisikia wimbo, nikasikia kimya, nikasikia vicheko na Papa Léopold akisema ua hili ni zuri lakini si lao. Chumbani, Ornella alikuwa amefuta ya pili na anaandika mstari wa kutuma. Aliusoma kwa sauti ya chini, ili asikosee: neno la kutuma, jina la kazi, kisha jina jipya la kuitambulisha, IDJWI_SAMEDI, yaani Idjwi Jumamosi, ili isigongane na ile ya mpango iliyokuwa bado inangoja zamu yake ya mchana. Hiyo ya mchana nayo akaifuta kabla saa yake haijafika, kwa sababu ingekuja kurudia kazi ileile. Mahali pa saa hakuandika kitu.

"Huweki saa?"

"Usipoweka saa, inaanza palepale. Saa ya Kinshasa, saa ya Bukavu, haina kazi nazo."

Akabonyeza. Nilijikuta nimefanya ishara ya msalaba kwa mkono uliokuwa umeshika kilemba, na kilemba kikaanguka.

Fimbo ikagonga tena. Laurette alikuwa amesharudi; nikamwachia kiti na simu, nikatoka mbio mpaka uani, nikamkuta Maman Bulonza, jirani yetu, anageuza nyama kwenye sufuria. Maman Bulonza ana wajukuu tisa au kumi, hata yeye huwa anasita, na mwili wake unaingia mlangoni kwa mpango. Nikamvua aproni, nikamfunika.

"Bibiane, una wazimu?"

"Niko nao. Nenda."

Hao waliofunua kitambaa walipiga kelele zilizofika barabarani. Nilisikia Maman Bulonza akiwaambia kwamba hata yeye ni ua, mvua tu ndiyo imemchelewesha. Papa Léopold alicheka mpaka akakohoa, na hilo likaniudhi zaidi, maana ni vigumu kumchukia vizuri mtu anayecheka hivyo.

Niliporudi, Laurette alikuwa juu ya kiti na simu kwenye nondo. Skrini ilikuwa inasema kazi ya kwanza, ya kuhesabu, imefaulu. Ya kugawa ilikuwa inakwenda. Ornella alikuwa anaiuliza mashine hali yake kila baada ya pumzi chache, na mashine inamjibu mstari uleule. Inakwenda. Inakwenda.

"Kwani inatembea kwa miguu?" nikasema.

"Vituo ni vingi, Tante."

Safari hii fimbo haikugonga kwa mchezo. "Shangazi!" Papa Léopold aliita. "Tulicheka. Sasa tumechoka. Tupeni mutoto, ao mutuambie kama haiko!"

Maneno hayo yana uzito. Wakwe wakishauliza kama binti yupo, kinachofuata ni kusimama na kuchukua kofia zao. Nikatazama kushoto na kulia. Laurette walishamuona. Maman Bulonza hakuna atakayemsahau. Nikachukua kitambaa cha bibi harusi mwenyewe, kile chenye nyuzi za dhahabu, nikajifunika kichwa mpaka magotini, nikaenda.

Nilitembea polepole kuliko mtu yeyote aliyewahi kutembea katika nyumba ile. Nilipofika katikati ya sebule nilipiga magoti, jambo ambalo magoti yangu yamenikataza tangu zamani, na nilikaa chini hapo. Watu waliimba. Waliona bangili zangu za dhahabu na viatu vya bei, wakadhani ndiye. Josué mwenyewe aliinuka nusu. Papa Léopold akashika pembe ya kitambaa kwa vidole viwili, kwa heshima kubwa, akakifunua.

Tuliangaliana.

"Habari ya asubuhi, Papa Léopold," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Alivuta pumzi ya kuanza kusema, na nadhani angesema jambo ambalo koo mbili zingelikumbuka miaka mingi. Lakini kabla halijatoka, kutoka chumba cha nyuma, kupitia ukuta wa matofali, ilikuja sauti ya bibi harusi, yule asiyecheka kwa sauti, akipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia hata kwenye mpira.

"Imepita! Imepita! Cédric, imepita!"

Na sauti ya Cédric kwenye simu, kwa mbali: "Printa iko natoa! Iko natoa makaratasi! Mulinzi alisha fungua!"

Sebule nzima iligeuka kuangalia ukuta.

"Ni nini imepita?" akauliza Papa Léopold.

"Subirini," nikasema, na nikanyoosha mkono. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisaidia kuinuka.

Nilimfuta Ornella uso, nikamrudishia wanja mahali pake kwa kidole, nikamfunika kitambaa na kumshika kiwiko. Tukaingia. Papa Léopold akamfunua, akamtambua, watu wakashangilia kama mila inavyotaka, ingawa kwa tahadhari, wakiniangalia mimi kwa pembe ya jicho.

Ndipo Placide akaletewa kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi waliyokuja nayo wakwe. Pombe hiyo baba wa binti haionji mpaka amuulize binti yake, na binti aseme anywe. Ni swali la kupita tu. Tangu nimeanza kulinda milango, sijasikia binti akijibu kingine, na wapiga vigelegele huwa wameshafungua midomo kabla hajamaliza.

"Ornella," kaka yangu akasema, "batu hii balileta kasiksi. Ninywe?"

"Papa, ngojeni kidogo."

Midomo ikabaki wazi bila sauti.

Ornella akapiga goti moja mbele ya Papa Léopold, mikono ameikutanisha, sauti ya chini, hakuna aliyeweza kusema amekosa adabu.

"Papa Léopold, nilisikia sharti yenu ku ukuta. Muniruhusu niseme. Saa ile mulikuwa munaniita, nilikuwa nafanya ile kazi. Bateau ya Idjwi ilikuwa naenda kuondoka bila chanjo ya batoto. Sasa batu biko naipakia. Nilifanya kazi yangu, na niko hapa mbele yenu, na mutoto wenu ninamupenda. Ile sharti mukiitosha, mukiiondoa, Papa atakunywa. Musipoitosha..."

Hakumaliza. Papa Léopold akamgeukia kaka yangu, mwanamume kwa mwanamume, kama anayetafuta mtu mwenye akili chumbani.

"Muzee Placide, munasemaka nini?"

Nilifumba macho. Namjua kaka yangu. Ni mtu anayemwomba radhi mwenye duka kwa kumrudishia chenji iliyozidi.

"Mutoto yangu hakusema ninywe," Placide akajibu. Akakiweka kibuyu chini, taratibu, kando ya mguu wake. "Na miye siko na kiu."

Nilimpenda kaka yangu saa ile kuliko nilivyompenda tangu tuzaliwe. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Kisha Josué akasimama. Mwoaji hasemi siku ya mahari. Kazi yake ni kukaa vizuri na kutoa jasho kwenye suti. Alisimama hivyo hivyo, jasho likimtiririka.

"Tonton, ile sharti ni yenu. Miye sikuiomba. Nilimupenda na kazi yake."

Papa Léopold akamtazama Josué, kisha akakitazama kibuyu. Mimi nilikuwa nikimwangalia kwa makini, tayari kumjibu, na niliona kwamba hakuwa anakasirika. Alikuwa anafikiri. Alimwinamia Ornella, na alipouliza, aliuliza kwa sauti ya sokoni, ile ya mtu anayetaka kujua bidhaa.

"Kutoka mule mu chumba, bila kufika ku port, umepakia bateau?"

"Ndiyo, Papa."

"Na nini?"

"Na mustari mumoja wa maneno, Papa."

"Mustari mumoja." Akawageukia wenzake wa Nyawera. "Miye napigaka kelele tangu asubuhi mpaka mangaribi, na magunia yangu iko palepale!"

Kicheko kilianzia upande wao. Yeye mwenyewe hakucheka. Alivua kofia, akaishika kifuani, maana neno lililowekwa hadharani huondolewa hadharani.

"Sisi batu ya Nyawera tunasemaka wazi. Ile sharti, tumeitosha. Bibi yetu atafanya kazi yake."

Ornella akamgeukia baba yake. "Papa, sasa munywe."

Placide alikunywa. Nilipiga vigelegele mpaka koo likaniuma, na Maman Bulonza akanipokea kutoka jikoni, na Laurette akampokea yeye, na vijana wa Nyawera wakaanza kupiga ngoma kwenye meza ya kaka yangu. Nilikuwa na furaha kubwa, na kiburi kikubwa zaidi, na vyote viwili nilivistahili.

Katikati ya makelele hayo simu ya Ornella ikalia. Ilikuwa mkononi mwake, chini ya kitambaa. Nusu ya sebule ikasikia, na nikaona shangazi wa upande wa Josué wakikunja midomo. Ornella akaizima sauti haraka, akainamisha kichwa.

Papa Léopold akainua fimbo yake juu.

"Nyamazeni!" Ngoma zikakatika. Wanawake wakashika midomo. Alingoja mpaka mtu wa mwisho aliyekuwa anacheka mlangoni anyamaze, kisha akamwashiria Ornella kwa kidevu. "Jibu, mwana wangu. Sisi tutangoja. Uko ku kazi."

Ornella akaweka simu sikioni mbele ya koo mbili zilizokaa kimya. Akasikiliza. Tabasamu lilianza taratibu, likaenea uso mzima.

"Bateau ilisha toka ku port," akatuambia. "Imejaa."

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Papa Léopold.